Sibiloi kwa gari moja na lita 40 za maji: je, inawezekana?

"Mimi na mke wangu tunataka kuwapeleka watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 12, katika Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi likizo ya Desemba. Tuna Prado ya dizeli yenye tanki la lita 87 na tairi moja ya spea. Tutapitia Marsabit na North Horr, na tumetenga siku 3 kutoka North Horr hadi kurudi hapo. Nitabeba lita 40 za maji. Yakipungua tutachemsha ya ziwa. Rafiki yangu anasema tukinywa kwa vipimo, funda moja moja, na kumeza vidonge vya chumvi, yatatosha. Anasema pia kuna njia ya mkato inayokatiza Jangwa la Chalbi na kuokoa saa kadhaa. Ramani ziko kwenye simu. Jambo la mwisho: natumia dawa ya presha, ile inayotoa mkojo. Je, mpango huu unafaa?"

Ndugu msomaji, Sibiloi pafaa, na watoto wa umri huo wanaweza kuifurahia sana. Mpango huu ndio usiofaa. Unategemea kwamba hakuna kitakachoharibika, na umeusuka hivyo kuanzia maji, tairi, njia hadi mawasiliano. Katika nchi ile gari moja likikatika springi saa nne asubuhi, mpango wote unageuka kuwa hesabu ya maji, na kwa lita 40 hesabu hiyo inakwisha mapema mno. Swali la kujiuliza si "tutafikaje?" bali "gari likigoma katikati, tutakaa siku ngapi kabla ya mtu kutufikia, na tutakunywa nini?" Ukilijibu hilo vizuri, mengine yote yatajipanga.

Sibiloi iko ukingo wa mashariki wa Ziwa Turkana, zaidi ya kilomita 700 kutoka Nairobi. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,570, ilianzishwa mwaka 1973, na tangu 1997 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ukiingia utawaona punda milia wa Grevy, choroa na nyamera, mamba ufukweni, na magogo ya miti iliyogeuka mawe. Hutaona kituo cha mafuta, duka, wala gari jingine la kitalii kwa siku nzima. Mvua ya mwaka haifiki milimita 250, na mchana joto hupanda nyuzi 35 na zaidi. Lami inaishia kukusaidia Marsabit. Baada ya hapo ni Maikona, Kalacha, North Horr, kisha nyayo za magari mchangani na juu ya mawe.

Nianze na maji, maana hapo ndipo rafiki yako amekupotosha zaidi.

Ngozi ya binadamu ina joto la kama nyuzi 35. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, mwili unapoza joto lake kwa hewa hiyo. Hewa ikishakuwa na joto kuliko ngozi, mambo hugeuka: hewa yenyewe inaupasha mwili joto, jua linaongeza, mchanga unaakisi. Njia pekee inayobaki ni jasho kukauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoa joto la takriban kilokalori 580. Mtu mzima anayetembea kwa mwendo wa kawaida huzalisha joto misulini ambalo pekee linahitaji kama nusu lita ya jasho kwa saa. Weka jua na hewa ya moto juu yake, utafika lita moja kwa saa bila kukimbia. Na kwa kuwa hewa ya huko ni kavu na ina upepo, jasho hukauka papo hapo. Mtu husema "mbona sitoki jasho" huku akipoteza maji kwa kasi.

Sasa tazama kunywa kwa vipimo. Kiasi cha jasho hakiamuliwi na unachokunywa. Kinaamuliwa na joto unalopata. Ukijinyima maji huku umekaa juani, mwili utaendelea kutoa jasho lilelile, ila sasa utalitoa kwenye damu yako. Mtu wa kilo 60 akipungukiwa lita moja na robo tu tayari nguvu na umakini wake vimeshuka, naye ndiye anayepaswa kuamua gari lichimbuliwe vipi. Maji yaliyobaki kwenye chupa hayajamsaidia mtu. Wapo waliokutwa wamezidiwa na kiu huku wana maji pembeni waliyokuwa "wanayatunza". Kinachopimwa ni jasho: kaa kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, usifanye kazi ngumu wakati huo, vaa shati refu la mikono mirefu lililolegea na kofia pana, funga mdomo na upumue kwa pua. Ukisikia kiu, kunywa, na unywe kiasi cha kukata kiu. Rangi ya mkojo itakuambia hali yako: ukiwa wa manjano hafifu uko salama, ukikolea kama chai umechelewa.

Kwa siku ya jangwani isiyo na kazi nzito, tenga lita 6 za kunywa kwa kila mtu mzima na 4 kwa kila mtoto. Nyinyi wanne ni lita 20 kwa siku. Lita zako 40 ni siku mbili za kunywa tu, bila kupika wala kunawa, na safari ni ya siku tatu hata kama kila kitu kitakwenda sawa. Ongeza mwenyeji wa kuwaongoza, ambaye nitamtaja tena, zinakuwa 26. Kupika na kunawa mikono, lita 2 kwa kila mmoja, zinafika 36. Siku tatu za safari na siku mbili za akiba ni lita 180. Ongeza 20 za rejeta na dharura. Jumla lita 200, yaani mitungi kumi ya lita 20.

Yabebe kwenye mitungi mingi, usitumie tangi moja kubwa, kwa sababu tangi likipasuka kwenye mawe umepoteza yote. Mitungi iwe mipya au iliyokuwa ya maji tangu mwanzo. Harufu ya mafuta ya taa haitoki kwa kusuguliwa. Jaza Marsabit. Maji ya visima vya njiani mara nyingi yana chumvi, ni ya kuongezea si ya kutegemea, na jamii za huko zinayahitaji kuliko wewe. Wala usihesabu kwamba utayapata kwenye kituo cha hifadhi cha Alia Bay. Ukiyakuta ni ziada.

Vidonge vya chumvi viache nyumbani. Chumvi kali tumboni huvuta maji kutoka mwilini kwenda kwenye utumbo, huleta kichefuchefu, na mtu akitapika umepoteza maji mara mbili. Jasho lina chumvi, hilo ni kweli, na mtu anayekunywa maji matupu kwa wingi siku nzima bila kula anaweza kupungukiwa chumvi kwenye damu: kichwa kinamuuma, anatapika, anachanganyikiwa, na watu wanamwongezea maji wakidhani ni kiu. Dawa yake ni chakula cha kawaida chenye chumvi, pamoja na pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Beba angalau ishirini. Kila pakiti ichanganywe na kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Zikiisha, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufuta juu, katika lita moja ya maji safi vinafanya kazi hiyo. Usizidishe chumvi kwa kudhani unaongeza nguvu.

Watoto wana hesabu yao. Hutoa jasho kidogo kuliko watu wazima, na kwa uzito wao wana ngozi nyingi inayopokea joto. Hawasemi kiu mapema wakiwa wanacheza. Mpe kila mtoto chupa yake ya lita moja yenye alama, uone kwa macho imefika wapi kila saa.

Mtu akianza kulegea, kichwa kikimuuma, ngozi ikiwa na jasho lakini bado anajibu vizuri, mlaze kivulini, mlegeze nguo, mpe ORS kidogokidogo, mloweshe na kumpepea. Akianza kuongea ovyo, kuyumba kama mlevi, kupata degedege au kupoteza fahamu, hicho ni kiharusi cha joto, na ubongo unaungua kwa dakika. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, pepea kwa nguvu bila kukoma, na hapo usione uchungu wa maji. Usimpe chochote mdomoni kama hana fahamu kamili. Paracetamol haishushi joto la aina hii.

Kuhusu dawa yako ya presha, hapa siwezi kukupa jibu la maandishi, na asikupe mtu yeyote asiyekupima. Dawa ya kutoa mkojo hupunguza maji na chumvi mwilini, yaani inafanya kazi ileile ya jasho. Zikiungana, presha inaweza kushuka ghafla unaposimama na figo zikapata shida. Dawa nyingine za presha pia huzuia figo zisijitetee wakati wa ukavu. Muone daktari wako angalau wiki tatu kabla. Mwambie: siku tano kwenye joto la nyuzi 35 na zaidi, mbali na hospitali. Muulize kama dozi ibadilishwe, na ufanye nini ukianza kuhara au kutapika ukiwa huko. Usiiache dawa kwa uamuzi wako, na kama ataibadilisha, ibadilishwe mapema ili mwili uizoee ukiwa nyumbani.

Tuje kwenye kuchemsha maji ya ziwa. Kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi chumvi, magadi wala floridi. Kwa kuwa maji kidogo huenda na mvuke, vinavyobaki sufuriani vimekolea zaidi. Vichujio vya kawaida vya kambini navyo haviondoi vitu hivyo. Turkana ni ziwa lisilo na mto wa kutokea, kila kinacholetwa na mto Omo hubaki humo, na maji yana takriban gramu 2.5 za chumvi kwa lita. Bahari ina 35, kwa hiyo si sumu ya papo hapo kama wengine wanavyovumisha. Wapo watu wa huko wanaoyanywa kwa kukosa mengine, na madhara ya floridi kwenye meno na mifupa yao yanajulikana. Kwa mgeni tatizo la karibu ni tumbo: magadi huleta kuhara, na kuhara jangwani ni kutoboa mtungi. Ikiwa maji yote yamekwisha kweli na uko ufukweni, yachemshe uyanywe, ni bora kuliko kutokunywa kabisa. Ila usiyaandike kwenye mpango. Na kumbuka ukiinama kuchota unainama mbele ya mamba, ambao ziwa hili lina wengi. Watoto wasikaribie ukingo, hata kama mmewaona wavuvi wakiingia majini.

Njia ya mkato ya Chalbi naikataa moja kwa moja kwa Desemba. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Juu kuna ganda la chumvi na udongo, gumu na jeupe, zuri kwa mwendo kiangazi. Chini yake udongo wa mfinyanzi hushika unyevu majuma mengi baada ya mvua, ukiwa kama uji wa moto chini ya utando uliopoa. Gari la kilo 2,800 likipasua ganda hilo linazama hadi kwenye mhimili, na mbao, jeki na koleo hazina pa kukanyagia. Mvua za vuli huanza Oktoba na mara nyingi hazijaisha Desemba. Tena si lazima inyeshe ulipo wewe, kwani maji hutiririka kutoka milima ya pembeni na kutulia katikati. Fuata njia iliyozoeleka ya ukingoni, Maikona hadi Kalacha hadi North Horr, na hata hapo uwaulize madereva wa malori ya mifugo waliopita juzi. Ukikuta sehemu yenye rangi iliyokolea kuliko pembeni, shuka, ikanyage kwa kisigino. Kisigino kikizama, gari litazama.

Halikadhalika laga, yaani mikondo mikavu ya mito. Mchanga wake ni laini na una kivuli cha migunga, kwa hiyo kila mgeni hutamani kupiga hema humo. Maji yake hutoka mvua iliyonyesha mbali, chini ya anga usiloliona, na hufika kama ukuta wenye magogo. Piga kambi juu, kwenye kingo. Ukikuta laga inatiririka, simama ungoje. Nyingi hupungua ndani ya saa chache.

Tairi ni jambo linalohitaji uvumilivu kulielewa, kwa sababu njia hii inataka vitu viwili vinavyopingana. Mchanga unataka upepo mdogo. Ukishusha kutoka psi 36 (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo ndani ya tairi) hadi kama 18 au 20, tairi hurefuka chini, eneo linalogusa mchanga linaongezeka, uzito unagawanyika, gari linaelea badala ya kuchimba. Lakini mawe makali ya volkeno yaliyotapakaa pande za Marsabit na Turkana hupasua ubavu wa tairi, na tairi iliyolegea hutokeza ubavu wake nje kama imejitolea kuchanwa. Ubavu ukichanika hauzibiki. Vizibo vya utambi hutibu uso wa tairi tu. Basi inakupasa kubadilisha: kwenye mawe, karibu psi 28 na mwendo wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa, kwenye mchanga mzito, 18 hadi 20 na usizidi 40, ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza tena kabla tairi haijapata moto. Usishuke chini ya 15 isipokuwa umekwama, maana tairi huweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Bila kompresa inayotumia betri ya gari na kipimo cha upepo cha kuaminika, hakuna mbinu hata moja kati ya hizi. Na tairi za spea ziwe mbili. Ya kwanza ikichanika kilomita 60 ndani, usiendelee mbele, rudi.

Ukikwama mchangani, kosa la kwanza ni kukanyaga mafuta. Gurudumu linapozunguka bila kusogea linachimba kaburi lake. Simama mara tu unapohisi gari halisogei. Shuka, shusha upepo, kisha chimba mbele ya kila gurudumu upate mteremko mdogo wa kutokea, na uondoe mchanga ulioegemeza tumbo la gari, maana magurudumu hayawezi kuvuta gari lililokalia tumbo. Weka mbao au bati maalumu, ingiza gia nzito ya 4x4, anza na gia ya pili taratibu. Mara nyingi kurudi nyuma juu ya nyayo ulizokuja nazo ni rahisi kuliko kwenda mbele. Jeki inataka ubao mpana chini yake, la sivyo itazama yenyewe huku gari limesimama palepale. Kazi hii yote hutaka maji mengi. Ikikukuta saa sita mchana, ngoja saa kumi na moja.

Mafuta: tenga hesabu ya kilomita 800 kutoka Marsabit hadi kurudi Marsabit, pamoja na mizunguko ya ndani na kupotea kidogo. Gari linalokunywa lita 12 kwa kilomita 100 kwenye lami, huko lihesabie 18. Hiyo ni lita 144, na robo ya akiba juu yake zinafika 180. Tanki lako lina 87. Zinahitajika madumu matano ya chuma ya lita 20, yafungwe imara, na mitungi ya maji isikae chini yake.

Sasa jumlisha uzito, ndipo utaona kwa nini nasema gari moja halitoshi. Maji na mitungi kilo 210. Dizeli na madumu 105. Familia yako, tuseme 220. Mwenyeji 75. Tairi ya pili 35. Hema, vyakula, jiko, vifaa, 100. Jumla 745. Magari mengi ya ukubwa wa Prado yameruhusiwa kubeba kilo 600 hadi 700, watu wakiwemo. Angalia kibati cha gari lako. Gari lililozidiwa ndilo linalokata springi na kupasua tairi. Huwezi kupunguza maji, huwezi kupunguza mafuta. Inabaki kuongeza gari. Gari la pili pia ndilo kamba ya kukuvuta na ndilo litakalomwahisha mgonjwa. Mngekuwa watu wazima wawili wazoefu, ningejadiliana nanyi kuhusu gari moja. Kwa familia yenye watoto na baba mwenye presha, hapana.

Simu yako itashika mtandao mijini na karibu na minara, kisha itanyamaza. Ramani iliyopakuliwa husaidia kujua ulipo, haisaidii kumwita mtu, na simu ikiachwa kwenye dashibodi juani hujizima. Azima au kodi kifaa cha satelaiti chenye kitufe cha SOS na ujumbe mfupi, na kijaribiwe kabla ya kuondoka. Mwachie mtu mmoja makini nyumbani karatasi: njia utakayopita, namba za magari, majina, na saa ya mwisho. Saa hiyo ikipita bila habari, apige simu kwa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) na polisi Marsabit, asisubiri hadi kesho yake. Ukishaandika njia, usiibadilishe njiani.

Gari likifa, kaeni nalo. Lina kivuli, maji, vioo vya kumulikia ndege, na linaonekana kwa mbali kuliko mtu. Fungua boneti kama ishara, tandika turubai ubavuni mwa gari ili upepo upite chini yake. Ndani ya gari kuna joto zaidi kuliko nje. Moshi mweusi wa kipande cha mpira huonekana mbali, lakini usichome tairi iliyojaa upepo, hulipuka. Kutembea kwenda kutafuta msaada kwa kilomita 40 kwenye jua kungehitaji lita 10 au zaidi kwa mtu mmoja, ambazo hawezi kuzibeba na kutembea.

Mengine nitayapitia haraka. Nyoka wa kuogopwa huko ni mdogo, wa rangi ya mchanga, mwenye magamba yanayokwaruza akijikunja, na hutembea usiku. Viatu vya kufunika na tochi kila mtu anaposhuka gizani, hata kwenda haja. Viatu vikung'utwe asubuhi kwa ajili ya nge. Sumu ya nyoka huyu huzuia damu kuganda, na hatari huja kwa saa, si kwa dakika. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza. Vua pete na saa, tuliza kiungo kwa banzi, mlaze, omba kuondolewa haraka. Bima ya AMREF Flying Doctors, wanaosafirisha wagonjwa kwa ndege, inafaa kununuliwa kabla ya safari kwa wote watano. Upepo wa kusini-mashariki ni mkali usiku hadi asubuhi. Si bure mitambo 365 ya umeme wa upepo ikajengwa upande wa Loiyangalani. Vigingi vifupi vya hema havishiki mchangani, beba virefu au fukia mifuko ya mchanga. Moto wa kupikia uwe shimoni, mahali palipokingwa na upepo.

Kuhusu vibali, Sibiloi ina wenyeji wawili wa kiserikali. Hifadhi iko chini ya KWS, na malipo ya kiingilio hufanywa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo yamalize ukiwa kwenye mtandao. Kambi ya utafiti ya Koobi Fora na maeneo ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wasiliana nao mapema kama mnataka kulala au kuongozwa hapo. Waelezeni watoto kabla hawajafika: mfupa, jiwe lililochongwa, kipande cha mti uliogeuka jiwe, havichukuliwi wala kugeuzwa. Sheria ya urithi ya mwaka 2006 inakataza, na sababu ina uzito. Fuvu la binadamu wa kale liitwalo KNM-ER 1470 lililopatikana hapo mwaka 1972 lilidhaniwa kwa miaka kadhaa kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 2.6, hadi tabaka la majivu ya volkeno lililo juu ya mahali lilipotoka lilipopimwa upya na umri kushuka hadi karibu milioni 1.9. Mabishano yote yale yaliamuliwa na tabaka, si na mfupa. Kisukuku kilichookotwa na kuwekwa juu ya jiwe jingine ili kipigwe picha kimepoteza tabaka lake.

Chaguo zako basi ni hizi. La kwanza, ahirisha hadi Julai au Agosti, mvua zikiwa mbali na joto limepungua kidogo, mwende na familia nyingine yenye gari zuri na mwenyeji wa North Horr anayeijua njia hadi Alia Bay. Hili ndilo ningelichagua. La pili, ndege ndogo ya kukodi hadi kiwanja cha hifadhini, mkipokelewa na gari lililokwisha pangwa. Ghali, ila watoto wanafika bila kuchoka. La tatu, kama lazima iwe Desemba na gari ni moja, fanyeni Marsabit na Kalacha tu kwa njia ya kawaida, muione Chalbi kutoka ukingoni, mrudi.

Ukichagua la kwanza, nenda ana kwa ana kwenye ofisi ya KWS na kituo cha polisi mjini Marsabit siku moja kabla. Waulize kuhusu usalama wa njia wiki hiyo, maana migogoro ya mifugo hubadilika haraka, na kama wakishauri kusindikizwa na askari, kubali na umhesabie maji yake. Ukifika North Horr, simamisha magari na ukague: maji lita 200 au zaidi kwa kila watu watano, spea mbili nzima kwa kila gari, kifaa cha satelaiti kimetuma ujumbe na kupata jibu, na hakuna mtu anayehara au mwenye homa. Kimoja kikikosekana, rekebisha hapo au geuza.